Mashine ya boti ya zamani inapogoma: pa kuanzia kabla hujanunua spea

Mashine ya boti iliyokula chumvi miaka 20 au 30 ikigoma kuwaka watu wengi wanakimbilia kabureta. Wanaifungua, wanaiosha, wanairudisha, haiwaki, basi wananunua plagi, haiwaki, wananunua koili, bado, mwisho wa siku inakuja kuonekana shida ilikuwa kile kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tenki. Na huko njiani umeshakata skrubu mbili zilizoshikwa na chumvi na gasketi umepasua, kwahiyo mashine iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa inao mitatu. Hapa naeleza jinsi ya kuibana mashine yenyewe ikwambie inakosa nini, alafu ndo spana ifuate. Nazungumzia zaidi tu-stroki, zile za kuchanganya oili na petroli, mana za zamani nyingi ndo hizo, foo-stroki ntazigusa kidogo tu.

Jambo la kwanza, "haiwaki" sio maelezo. Haiwaki kabisa hata kukohoa haikohoi? Au inawaka vizuri alafu baada ya dakika chache inazima yenyewe? Inatulia resi ya chini ila ukiivuta inakufa? Inakimbia vizuri ila ukiipunguza inazima? Inalia kwa nguvu lakini boti haiendi? Kila swali hapo lina mlango wake tofauti kabisa na ukikosea mlango utapoteza siku nzima. Pia jiulize mafuta yaliyomo ni ya lini, mashine imekaa muda gani bila kuwashwa, na nani aliigusa mara ya mwisho. Hilo la mwisho usilidharau, mashine iliyokuwa nzima ikagoma baada ya kuguswa we nenda palepale palipoguswa, utakuta waya za plagi zimebadilishana silinda, paipu limefungwa kinyume, au soketi ya waya imerudishwa nusunusu.

Alafu kabla ya yote toa ile klipu ya kamba ya usalama wakati mikono yako iko karibu na flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya mashine) au propela, na kama unafanyia majaribio kwenye pipa la maji toa propela kabisa. Usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake unaua kimya kimya. Na usiiwashe kavu bila maji "nisikie tu mlio", impela, ile feni ya pampu ya maji ya kupozea, ni mpira na unalainishwa na maji yenyewe, sekunde chache bila maji zinatosha kuuchoma, hapo unakuwa umejitengenezea kazi ambayo hukuwa nayo.

Sasa tuanze na vile vitu vya aibu, vile ambavyo fundi akivikuta anacheka. Klipu ya usalama ipo mahali pake? Gia iko nyutro? Nyingi zina kizuizi, ikiwa kwenye gia stata haizunguki au kamba haivutiki. Mfuniko wa tenki una kiskrubu cha hewa, kimefunguliwa? Paipu la mafuta limeingia mpaka likalia "tak" kwenye mashine na kwenye tenki pia? Ile balbu ya kupampia kwa mkono, mshale wake unaelekea kwenye mashine? Choki inafunga kweli ukiivuta au kamba yake imekatika huku ukivuta kitufe kinachokuja na hewa? Kagua hivi vyote, ni dakika mbili tu.

Baada ya hapo mashine inahitaji vitu vitatu, moto (cheche ya plagi), mafuta na kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda), na vinatakiwa kufika kwa wakati wake. Mi huwa naanza na moto sababu ni rahisi kupima na pia ukitoa plagi unapata habari nyingine bure. Toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda zilikotoka, usizichanganye, uziangalie kwenye mwanga. Rangi ya kahawia kahawia, safi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi vizuri. Nyeusi na imelowa mafuta, ina maana mafuta yanafika ila hayachomwi, ama hamna moto, au choki imekaa imefunga, au oili imezidi. Nyeupe kama imeunguzwa, hiyo ni ya kuogopa, silinda inapata mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa na inachemka, na kwenye tu-stroki mafuta ndo yamebeba oili, kwahiyo ukikosa mafuta umekosa na ulainishaji, pistoni inaliwa. Ukiona matone ya maji au plagi imeoshwa imekuwa safi kupita wenzake, shuku gasketi ya hedi. Na kama plagi ni kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi na choki, mafuta hayafiki, usihangaike na umeme.

Kupima moto wenyewe, rudisha plagi kwenye waya yake, kandamiza chuma chake kwenye sehemu ya hedi isiyo na rangi wala kutu, mbali na tundu la silinda sababu mvuke wa petroli unatoka hapo na cheche ipo hapo, alafu mwenzako avute kamba kwa nguvu. Usiishike kwa mkono mtupu, tumia plaizi yenye mpira, umeme wa mashine hizi unarusha mtu. Na waya za plagi nyingine nazo ziguse chuma, usiziache zikining'inia hewani wakati unazungusha mashine, umeme usipopata pa kutokea unaweza kuua koili au ule ubongo wa umeme, sidiai. Cheche inatakiwa iwe ya bluu, nene, inayolia. Ya njano nyembamba inayokuja na kupotea haitoshi, nje kwenye hewa inaweza kuonekana lakini ndani ya silinda kwenye mgandamizo inazimika. Ndo mana ni bora kuwa na kile kipimo cha cheche chenye pengo la kurekebisha, mashine yenye sidiai nzima inaruka pengo la milimita 10 hivi bila shida.

Kama silinda zote hazina moto, usiseme sidiai imekufa, subiri kwanza. Kitu cha kwanza cha kushuku ni switchi ya kuzimia. Mashine hizi zinazimwa kwa kupeleka umeme wa sidiai kwenye bodi, yani chuma cha mashine, kwahiyo switchi ikiingia chumvi au waya wake ukichubuka ukagusa chuma, mashine inajiona imezimwa muda wote. Chomoa waya wa kuzimia unaoingia kwenye sidiai, pima tena. Moto ukirudi, shida ni switchi au waya. Ila kumbuka sasa mashine ikiwaka haitazimika kwa switchi, uzime kwa kuvuta choki au kuchomoa mafuta, na ukishajua shida usiende nayo majini hivyohivyo, rudisha kamba ya usalama ifanye kazi, mtu akidondoka boti ikiendelea kuzunguka peke yake sio hadithi nzuri.

Kama silinda moja tu ndo haina moto, hapa kuna mbinu naipenda sana. Usinunue kitu, hamisha. Peleka plagi ya silinda mbovu kwenye nzima, kama ubovu umehama nayo, plagi. Haukuhama, hamisha koili, kama zinafanana. Ubovu ukihama na koili basi umempata mwizi, na kama umebaki palepale unarudi nyuma kwenye sidiai na zile koili zilizo chini ya flaiwili. Vitu vya chini ya flaiwili pima kwa mita ya umeme ukilinganisha na namba za kitabu cha mashine yako, namba zinatofautiana sana kati ya mashine na mashine, usichukue namba ya jirani. Mashine za zamani zaidi zile za miaka ya 1970 kurudi nyuma nyingi hazina sidiai, zina platini, vile vigusio vya kukata na kuunganisha umeme, chini ya flaiwili, na hizi zikikaa zinaota ukungu mweupe tu na moto unapotea. Zipitishie msasa laini sana, ufute kwa kitambaa kisicho na mafuta, urekebishe pengo, nyingi ni kama milimita 0.5, mashine inafufuka. Kwa kazi hiyo tumia puli ya kuvutia flaiwili, usigonge na nyundo pembeni, sumaku zake zinapasuka na ncha ya krenki inaharibika.

Na kuna kimoja kinachowatesa watu kweli kweli. Moto upo, mafuta yapo, kompresheni ipo, mashine inapiga risasi kwenye kabureta au inarudisha kamba kwa nguvu mpaka inauma mkono. Angalia ule ufunguo mdogo wa chuma unaoshikilia flaiwili kwenye krenki. Propela ikigonga mwamba au nati ya flaiwili ikilegea, ufunguo unakatika nusu, flaiwili inahama kidogo tu, basi moto unakuja wakati sio wake. Hutaiona kwa nje mpaka uinue flaiwili.

Haya, mafuta. Hapa ndo penye shida nyingi kuliko zote na ndo pa kukaa muda mrefu. Kwanza petroli yenyewe: petroli inazeeka. Ikikaa miezi inapoteza ile sehemu inayowaka kirahisi na inaacha kitu kama gundi kwenye vitundu vya kabureta, na kama ina ethanoli inavuta unyevu wa hewa mpaka maji yanajitenga chini ya tenki. Chukua chupa safi inayoonesha, toa mafuta kidogo kwenye bomba la tenki na mengine kwenye bakuli la kabureta, yaache yatulie dakika kumi. Maji yatakaa chini yenyewe. Harufu kama ya rangi ya nyumba, mwaga sehemu salama, weka mapya. Usijaribu kutafuta ugonjwa wowote kwenye mashine yenye mafuta ya zamani, utadanganywa kila hatua.

Mchanganyiko nao. Tu-stroki nyingi za katikati ya miaka ya 1960 kuja huku zinataka 50 kwa 1, yani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, tenki la lita 25 ni nusu lita. Za nyuma ya hapo nyingi ni 24 au 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Angalia kwenye mashine yako au kitabu chake, ukikosa kabisa bora oili izidi kidogo kuliko ipungue, moshi na plagi chafu unaweza kuvumilia, pistoni iliyokwama huwezi. Tumia oili iliyoandikwa TC-W3, ni ya mashine zinazopozwa na maji, oili ya pikipiki inaacha majivu kwenye pistoni na plagi. Na mwenye foo-stroki usichanganye chochote, oili yake inakaa chini kwenye mashine.

Sasa ile balbu ya mkono, watu wanaiona ni ya kupampia tu asubuhi basi, kumbe ndo daktari wa mfumo mzima wa mafuta. Ishike mshale ukiangalia juu, vali zake zinakaa vizuri hivyo, pampu. Inatakiwa baada ya kukamua mara kadhaa iwe ngumu na ibaki ngumu. Haiwi ngumu kamwe, kuna hewa inaingia kati ya tenki na balbu, angalia raba ndogo za kwenye viungio, au vali za balbu zimekufa, au sindano ya kabureta imekwama wazi na mafuta yanamwagika kwa kabureta, hilo utalinusa. Sasa mashine ikiwa inakimbia alafu inaanza kufa, itazame balbu palepale. Ikiwa imenyonywa imekuwa bapa, mafuta yamezibwa nyuma yake, yani mfuniko wa tenki hauvuti hewa, chujio la ndani ya tenki limejaa uchafu, au paipu lenyewe limeharibika ndani. Fungua mfuniko wa tenki, ukisikia "fyuuu" inavuta hewa na mashine ikakaa sawa, umemaliza. Hilo la paipu linafichika, kwa nje linang'aa, ndani ngozi imebanduka na kila mashine ikivuta kwa nguvu ile ngozi inafunga njia. Paipu la miaka mingi badilisha tu bila mjadala.

Kinyume chake, mashine inakufa, unaikamua balbu kwa mkono na mashine inapata uhai na kuendelea, basi tenki na paipu vinapitisha, ila pampu ya mafuta ya kwenye mashine haivuti. Hizi pampu ni ngozi nyembamba tu inayochezeshwa na pumzi ya chumba cha krenki, ngozi inakauka, inatoboka. Na ikitoboka mara nyingi utaona dalili nyingine, silinda moja, ile inayoipa pampu pumzi, plagi yake inalowa kila siku, sababu mafuta ghafi yanapita kwenye ule ule upenyo na kuingia ndani. Ngozi na gasketi zake zinauzwa pamoja kama seti, kazi ni skrubu chache. Na kama balbu ni ngumu kama jiwe, unakamua haikamuliki na mashine bado ina njaa, basi kizuizi kiko mbele, chujio dogo la kwenye mashine au sindano ya kabureta imegandia ikiwa imefunga.

Jaribio lingine la bure: mashine inasuasua, vuta choki kidogo tu huku inaenda. Ikichangamka, ilikuwa inakosa mafuta. Ikizidi kufa, ilikuwa inayo mengi tayari. Hapo umeshagawanya tatizo nusu kwa kidole.

Ukifika hapa na vyote viko sawa ndo sasa ruhusa ya kufungua kabureta unayo. Mashine isiyotulia resi ya chini lakini inakimbia vizuri juu, njia ndogo za resi ya chini zimeziba. Inayotulia chini ila ukiivuta inakohoa na kukosa nguvu, jeti kubwa ya chini ya bakuli (kile kitundu cha kupimia mafuta) imeziba, au mafuta hayaji ya kutosha, umeshapima hilo. Piga picha kila hatua na simu. Ile skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, kabla hujaitoa ifunge taratibu kwa vidole huku ukihesabu mizunguko mpaka ikae, andika pembeni, usiikaze, ncha yake ikichongwa kabureta haitatulia tena. Mara nyingi sehemu ya kuanzia ni mzunguko mmoja mpaka mmoja na nusu kutoka kwenye kufunga ila ile hesabu yako ndo mfalme. Vitundu usivichokonoe na waya wa chuma au sindano, shaba ni laini, ukipanua jeti kidogo tu mashine itakunywa mafuta maisha yake yote, tumia dawa ya kabureta, upepo, na kipande cha mshipi wa nailoni. Puliza kila njia mpaka uone inatokea upande wa pili. Boya litikise sikioni, ukisikia maji maji ndani limetoboka. Na mashine yenye kabureta mbili au tatu safisha zote, sio ile unayoishuku peke yake.

Mafuta yakitemwa nyuma kupitia mdomo wa kabureta wakati mashine inazunguka, usiilaumu kabureta, nyuma yake kuna ridi, vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga njia ya kwenda kwenye krenki. Kimoja kikipasuka au kikiacha upenyo unaona mwanga, mashine inapumua kinyume.

Kompresheni ni fupi. Mashine ipashwe moto kama inawaka, plagi zote nje, waya zote zimeguswa kwenye chuma, resi imefunguliwa yote, funga geji, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Andika namba ya kila silinda. Nyingi zikiwa nzima zinasoma kati ya 90 na 130 psi lakini namba yenyewe sio kitu sana kama kulingana kwao, silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 15 kuna shida. Mwagia kijiko cha oili kwenye ile ya chini, pima tena, ikipanda ni ringi, isipopanda angalia gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zote ziko chini sawasawa, gasketi imeungua katikati yao. Kabla hujaililia mashine, ringi wakati mwingine zimegandia tu kwa masizi kwenye vijia vyake, puliza dawa ya kuondoa masizi, iache ilale usiku, iwashe kwenye maji, moshi utakuwa wa kutisha lakini namba zinaweza kupanda. Ikikataa, hiyo ni kazi ya kushusha mashine na hapo ndo kwa fundi mwenye vipimo.

Kwa mashine inayowaka ila haina nguvu, kuna kupima kwa kukata silinda moja moja. Ikiwa inatulia resi ya chini kwenye maji, zima, chomoa waya wa plagi ya kwanza uuguse kwenye chuma kwa klipu, washa, sikiliza. Mlio ukibadilika na mashine ikadhoofika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukikuta moja ambayo kuitoa na kuiacha ni vilevile, huyo ndo mfu, rudi juu uipime moto, mafuta na kompresheni yeye peke yake.

Maji ya kupozea. Mashine inatakiwa ikojoe, yani irushe maji kwenye kitundu chake cha nje, muda wote inapokuwa inawaka. Ikikojoa kidogo au isipokojoa zima haraka, alafu kabla hujafungua mguu chukua waya mwembamba uchokonoe kile kitundu cha nje, mara nyingi ni chumvi au mchanga au mdudu amejenga humo. Maji bado hayaji, ni impela. Kufika kwenye impela unashusha mguu wa chini, na kuna bolti moja mashine nyingi inajificha ndani ya ule mkia mdogo wa zinki juu ya propela, watu wanavuta mpaka wanapasua mguu kumbe bolti ipo. Weka alama ya mkia kabla ya kuutoa. Kwenye mashine nyingi kuna na fimbo ya gia ya kuachanisha. Impela iliyokatika kipepeo, tafuta hicho kipande, kipo juu kwenye njia za maji na kitaziba baadaye. Unapofunga mpya paka grisi ya kuhimili maji au sabuni, ikandamize chini huku unazungusha shafti mwendo wa saa ili vipepeo vilale upande unaotakiwa, na usisahau ule ufunguo mdogo wa kwenye shafti. Meno ya juu ya shafti paka grisi pembeni ila sio kwenye ncha, grisi ikikaa juu inazuia mguu kukaa mwisho.

Inakojoa vizuri ila bado inachemka, angalia thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji, pasha, nyingi za mashine za zamani zinafunguka kwenye digrii 50 mpaka 60 hivi, isipofunguka tupa. Ukikuta chumba chake kimejaa chumvi ngumu basi njia zote za ndani ziko hivyo na hapo unahitaji kufungua kava za maji na kukwangua taratibu. Mashine ikichemka usiimwagie maji baridi kichwani, iache ipoe yenyewe.

Mlio upo, boti haiendi. Chora mstari kwa kalamu kuanzia kitovu cha propela mpaka kwenye bawa, nenda ukaivute kidogo, rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika, raba ya ndani ya propela imeachia, inateleza. Mashine ndogo zina pini inayokatika makusudi ukigonga kitu, beba ya akiba na koleo, usiweke msumari mahali pake, pini ilitengenezwa laini ili ikatike yenyewe badala ya gia. Ukitoa propela angalia nyuma yake kama kuna mshipi wa kuvulia umejizungusha, unakata sili na maji yanaingia kwenye giaboksi. Oili ya gia fungua skrubu ya chini kwanza kidogo, mashine ikiwa imesimama usiku mzima, maji yakitangulia kutoka au oili ikiwa nyeupe kama maziwa, sili zimeisha. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya skrubu ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole sio kawaida. Kujaza unapampu kutokea chini mpaka itoke juu, ukijaza kwa juu hewa inabaki ndani.

Umeme wa stata sina mengi, "tik" moja na haizunguki ni betri dhaifu au taminali zimeota unga wa kijani, safisha pande zote mbili na ule waya wa bodi pia, wengi wanausahau huo wa bodi, alafu ndo uipime stata yenyewe.

Na ikitokea mashine imezama, hasa maji chumvi, saa ndo adui. Usiitoe ukaiacha jua likaikausha, hewa na chumvi vikikutana kwenye beringi ndani ya masaa machache kutu imeshaanza. Ioshe na maji yasiyo na chumvi, toa plagi, ilaze tundu za plagi zikiangalia chini, izungushe kwa mkono taratibu maji yatoke. Ilikuwa inawaka wakati inazama na sasa inagoma kuzunguka, usilazimishe, inaweza kuwa imekunja konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Ikizunguka, toa maji kwenye kabureta na paipu, mwagia oili kwenye silinda na kwenye mdomo wa kabureta, zungusha tena, kausha umeme, funga plagi safi, mafuta mapya, iwashe na uiache iende angalau nusu saa ili joto litoe unyevu wa ndani. Kama huwezi kuifanyia kazi siku hiyohiyo basi irudishe ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi izame mzima mzima mpaka utakapokuwa tayari.